Vifaranga wanakufa usiku, na mkwe wangu asema ni jicho

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa pembezoni mwa Wete. Mume wangu anafanya kazi Unguja, huja mara moja kwa mwezi. Nilikuwa kwenye mchezo wa upatu na wenzangu, na zamu yangu ilipofika nikasema pesa hizi safari hii sizili, nitafuga. Nikaagiza vifaranga 50 wa chotara, wa siku moja. Walitoka Dar es Salaam kwa boti, wakalala Unguja kwa shemeji yangu, kesho yake wakapanda boti ya Mkoani, na kutoka Mkoani gari mpaka hapa. Nilipofungua kasha wote walikuwa hai, wanalia tu. Nilifurahi mpaka nikaita majirani waje waone.

Nikawagawa katika maboksi mawili makubwa, nikayaweka chumbani ninamolala na mtoto mdogo, maana ukumbini kuna paka anayepita dirishani. Fundi akanitundikia globu juu ya kila boksi, hizi nyeupe za siku hizi. Mwangaza ulikuwa mkali hata mtoto akawa halali.

Usiku wa kwanza walikufa watatu, wa pili wawili. Wote niliwakuta pembeni mwa boksi, chini ya wenzao, wamebanwa na wamelowa kama waliotiwa maji, na hali maji yao hayakumwagika. Siku hizo kusi ilikuwa inavuma na manyunyu hayaishi, hata mimi nilijifunika shuka mbili. Mkwe wangu akaniambia zamani wao wakiwatilia vifaranga jiko la mkaa. Basi usiku wa tatu nikauwasha mkaa uani, nikaungoja ukolee kabisa usiwe na moshi, nikaliingiza jiko chumbani, nikaliweka karibu na boksi moja. Nikafunga mlango na madirisha joto lisitoke.

Alfajiri sikusikia adhana, na mimi si mtu wa kulala mpaka hapo. Mkwe ndiye aliyeniamsha kwa kugonga mlango. Kichwa kilikuwa kinanipasuka, na mtoto alipoamka akatapika. Nikadhani ni mafua ya baridi. Kutazama boksi la karibu na jiko, 11 wamekufa. Na hawa hawakurundikana kama wale wa mwanzo. Walikuwa wametawanyika boksi zima, wakavu, kama waliolala. Boksi la pili, lililoko mlangoni, hakufa hata mmoja.

Sasa mkwe wangu anasema ni jicho. Siku ile vifaranga walipofika, jirani yangu aliingia akatazama akasema, “Uu! Wote hawa wako peke yako?” na hakusema mashaallah. Tangu hapo mkwe hataki akanyage kwetu, na mimi maji nateka kwake. Mume wangu naye kwa simu anasema niwauze waliobaki yaishe. Wamebaki 34. Bi Mkubwa, usiku niwafanyeje? Mkaa niuzidishe au niupunguze? Na jirani yangu nimwambie nini?

Mwenye vifaranga, Wete

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua hapa hujibiwa kwa zamu, na yako ilikuwa na nyingine kumi mbele yake. Lakini nilipofika kwa mtoto aliyetapika nikaziacha zote nikakupigia simu usiku ule ule, kwa hiyo hili la kwanza unalijua. Naliandika tena kwa sababu najua wako wengine ambao jiko lao saa hizi liko chini ya kitanda.

Jiko la mkaa halilali chumbani na watu. Si usiku mmoja, si kidogo, si kwa dirisha lililoachwa wazi kidogo. Mkaa ukishakolea moshi huisha, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Moshi unaotoa machozi ni wa mwanzo tu. Ule mkaa mwekundu uliotulia unaendelea kutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na haitoki upesi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito usiosikia adhana. Anayeendelea kulala ndani yake haamki. Mafua hayakuwapo hapo, mwanangu. Ulikuwa na bahati ya mkwe anayegonga mlango, na ukimkasirikia kwa mengine yote, hili mwekee. Nimefurahi kwamba mlikwenda hospitali siku ya pili na mtoto ameonekana mzima.

Sasa turudi kwa vifaranga. Mizoga yao imesema kila kitu, na wewe mwenyewe umeyaandika bila kujua.

Watano wa mwanzo umewakuta pembeni, chini ya wenzao, wamelowa. Hao wamekufa kwa baridi. Kifaranga akisikia baridi humwingia mwenzake chini ya tumbo, mwenzake naye hupandwa na mwingine, na mpaka alfajiri wa chini kabisa ameshakosa pumzi. Ule umaji ni mvuke wa pumzi zao na kinyesi, umekosa pa kutokea. Lakini wale 11 walitawanyika, wakavu. Kifaranga mwenye baridi hatawanyiki hata siku moja. Hao wameuliwa na ile ile hewa iliyokupa kichwa wewe. Nilikuuliza kwenye simu chini ya mlango wako pakoje, ukaniambia pana uwazi wa kidole. Basi boksi la mlangoni lilikuwa linavuta hewa ya ukumbini usiku kucha. Jicho gani hilo linalochagua boksi?

Ya baridi yalianza na fundi wako. Hizi globu nyeupe za LED zimetengenezwa zitoe mwangaza kwa umeme kidogo, na joto lake halimfikii kifaranga aliye chini. Ile globu ya zamani, ya kioo chembamba na waya ndani, inakula umeme mwingi kwa sababu sehemu kubwa ya umeme huo inaugeuza joto. Watu wameikimbia kwa ajili hiyo. Kwa mfugaji, ubaya wake ndio uzuri wake. Wewe uliwawashia vifaranga mchana, jua hukuwawashia. Ukienda dukani usimuulize mwenye duka kama globu ni nzuri, atakwambia zote nzuri. Mwambie aichomeke, uweke mkono wako chini yake kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini. Isipokuunguza kidogo, mrudishie.

Nunua ya wati 100 na nyingine ya akiba, kwa sababu globu ina tabia ya kufa saa nane za usiku. Moja ya wati 100 ikiwaka saa 12 inakula yuniti 1.2. Zipo taa nyekundu za joto za wati 250, nazo kwa muda huo huo zinakula yuniti 3, na kwa vifaranga 34 huna haja nayo. Mita yako ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, itakushukuru.

Yavunje yale maboksi mawili uyaunganishe yawe mduara mmoja, urefu wa goti, upana kama hatua moja na nusu. Mduara nausisitiza, maana boksi lina pembe nne na kila pembe ni kaburi: huko ndiko wanakosukumana. Uweke ukumbini au kwenye chumba cha stoo, si mnamolala. Vumbi la kuku si la kuvutwa na mtoto mdogo usiku kucha, na kinyesi chao kina vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni, na mtoto asiwabusu hata wakipendeza vipi. Paka mzuie kwa wavu wa chuma wa madirishani uliowekewa tofali pembeni. Usitumie chandarua. Mimi nilitumia chandarua mwaka mmoja, paka akakilalia, kikamshusha taratibu mpaka ndani. Sitaki kusema zaidi.

Sakafu ya saruji inanyonya joto la miguu yao. Laza kwanza maboksi bapa, juu yake makapi ya mpunga au maranda ya seremala, kina cha vidole vitatu. Ule unga laini wa msumeno usiutie, wanaula wakidhani ni chakula. Na usiwaachie gazeti tupu la kuteleza, miguu inatanuka kila mmoja upande wake na kifaranga hasimami tena.

Globu iwe upande mmoja wa mduara, si katikati. Ifunge kwa waya madhubuti kwenye boriti, isining’inie kwa waya wake wa umeme, maana ikianguka kwenye makapi utaamka na moto. Anza na dhiraa moja kutoka juu ya makapi. Chakula na maji viwe upande wa pili kidogo, na sahani ya maji uitie kokoto, kifaranga anywe asioge. Aliyelowa ni sawa na aliyelala nje. Juu ya upande wenye globu funika nusu kwa gunia, lakini lisiiguse globu wala kuikaribia, na nusu ya pili ibaki wazi hewa itembee.

Vitabu vinasema wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35 pale kifaranga anaposimama, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Sawa. Ukipata kipima joto kilaze juu ya makapi, usikitundike ukutani, ukuta hauna manyoya. Lakini ukikikosa usihangaike. Siku hizi chache za mwanzo kifaranga hawezi bado kujitunzia vizuri joto lake mwenyewe, hivyo kila anachofanya ni kulitafuta au kulikimbia, na wewe kazi yako ni kutazama tu. Wakijazana chini ya globu wanalia kwa sauti kali isiyokatika, ishushe vidole vinne. Wakiikimbia wote, midomo wazi, mbawa wamezitanua, ipandishe. Wakijazana upande mmoja mbali na globu na mbali na chakula, hapo joto halina kosa, ni upepo unaingia mahali. Piga magoti utafute tundu. Wakitawanyika kama mbegu zilizomwagwa, huyu anakula, yule kalala kajinyoosha shingo, mwingine anachakura, na sauti ni ya kunong’ona, nenda kalale.

Na kabla hujalala fanya mambo mawili. Mshike mmoja umguse kifuani, chini ya shingo, pale panapokaa chakula. Pawe pamejaa na laini. Asiyekula hana cha kuchoma mwilini usiku. Kisha zibandike nyayo zake kwenye shavu lako. Mkono wa mtu apikaye umeshazoea joto na utakudanganya, shavu halidanganyi. Nyayo zikiwa baridi kama kijiko, kifaranga ana baridi hata kama hajalia bado. Wako watakuwa wepesi wa kupata baridi kuliko wengine, kwani wametoka safari ndefu. Kifaranga akianguliwa huwa na kiini cha yai tumboni cha kumtosha siku mbili tatu, ndiyo maana anaweza kusafirishwa. Lakini siku hizo wako walizimaliza kwenye boti na kwa shemeji. Safari nyingine wakifika wape maji ya uvuguvugu kwanza, wanywe wote, ndipo chakula.

Umeme ukikatika je? Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu ndipo watu wanapolikumbuka jiko. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 sisi Unguja tulikaa miezi mitatu bila umeme, baada ya ule unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari kukatika. Nyinyi Pemba wakati ule mlikuwa na mashine zenu za kuzalisha umeme pale Wesha, waya wa kutoka Tanga mliupata mwaka 2010 huo huo. Mimi nilikuwa na vifaranga wa wiki moja. Nikajifunza hili: moto ubaki nje, joto liingie ndani. Washa jiko lako uani, lipikie maji. Yatie kwenye chungu cha udongo chenye kifuniko, au dumu nene la lita tano, yawe ya moto ila si ya kuchemka, maana yanayochemka yanalikunja dumu. Lifunge kanga kuukuu mikunjo miwili, liweke katikati ya makapi. Vifaranga wataliegemea kama mama yao. Kwa baridi ya kipupwe utabadilisha maji kila saa tatu hivi, yaani kuamka mara mbili. Si tabu kuliko kunyonyesha, na umenyonyesha wawili.

Ukitaka usiku usiamke kabisa, tengeneza kasha ndani ya kasha. La ndani liwatoshe kwa kujibana kidogo, la nje liwe kubwa zaidi, na katikati yake jaza majani makavu au usufi uliotiwa kwenye mifuko ya nguo, shikamanishe vizuri. Juu funika kwa gunia, na toboa matundu ya hewa ya kidole kwa juu, kila upande. Joto lao wenyewe likizuiwa lisipotee linawatosha, kwa masharti kwamba wako wengi, kama 30 hivi. Wako 34 wanafaa. Humo wanaingia magharibi na kutoka alfajiri, mchana wanarudi kwenye globu au kwenye jua la uani pasipo na upepo. Ila usilijaribu kwa mara ya kwanza usiku wa manyunyu ukaenda kulala. Lijaribu usiku ambao uko macho.

Mpaka wiki ya tatu, mchana wa Pemba wenyewe utakuwa umewatosha, utawasha usiku tu. Wiki ya nne au ya tano, manyoya yakishafunika mgongo, zima usiku mmoja usio na upepo uwasikilize. Chanjo ya kideri usiisahau, ya kwanza huwa siku ya saba. Mwone afisa mifugo wa wilaya yako akupangie zinazofuata.

Mara ijayo, kabla hujaagiza, tafuta kuku koo wawili wa kienyeji wanaolalia mayai. Koo aliyelala kwenye mayai wiki mbili na zaidi, ukimwendea gizani ukamtoa mayai ukamtilia vifaranga wa siku moja chini ya kifua, asubuhi anaamka mama. Kumi na wawili kwa koo mmoja wanamtosha, wala haulizi yuniti. Hawa wako wameshakua, hatawakubali na wao hawatamjua.

Mumeo mwambie kwa upole kwamba 34 katika 50, kwa mtu wa mara ya kwanza aliyefungiwa globu isiyo na joto, si wa kuuzwa kwa hasira. Atakayewanunua leo atawanunua kwa bei ya huruma. Wangoje wafike miezi miwili, ndipo mtajua kama ni biashara.

Mkwe wako usimbishie. Kasema kweli kwamba wao walitumia jiko na vifaranga wakapona. Lakini wao walikuwa na nyumba ya udongo na makuti, upepo unapita juu ya ukuta na chini ya mlango, na moshi una njia zake. Wewe una nyumba ya matofali na madirisha ya kioo yanayofunga mpaka mwisho. Jiko ni lile lile, nyumba siyo. Mwambie hivyo, na mwambie mbele ya boksi la mlangoni, aone mwenyewe ule uwazi wa kidole. Mtu mzima akionyeshwa hukubali upesi kuliko akiambiwa.

Na jirani, chukua ndoo yako ukateke maji kama kila siku. Ukifika mweleze habari ya mkaa, na mweleze yote, mpaka kichwa kilivyokuuma. Mwanamke anayetazama vifaranga 50 akasema “wote hawa wako peke yako?” huyo keshapiga hesabu ya wake. Atawaagiza mwezi ujao, na ana watoto watatu chumbani.